Wamevuka Mto, Wasizame Ukingoni



Juma hili tunaomba tutafakari pamoja juu ya kundi la watu ambalo miaka 25 iliyopita wachache sana kati yetu walitazamia kuliona, yaani wazee wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wapo katika kila jumuiya, mjini na vijijini. Yupo bibi anayewalea wajukuu walioachwa na binti yake. Yupo mwalimu mstaafu anayesoma somo la kwanza Jumapili. Yupo mama muuza ndizi mwenye miaka 58, ambaye amekuwa akimeza dawa kila jioni tangu alipokuwa na miaka 38. Hali zao zinajulikana kwa Mungu, kwa wahudumu wa kliniki, na pengine kwa mtu mmoja tu nyumbani. Kuna wakati ndugu zao walikwisha kuanza kuulizana habari za sanda. Dawa ikafika, na wao wakainuka kitandani.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, na tunawashukuru waliohangaika hadi dawa hizo zikatufikia. Lakini shukrani isitufumbe macho. Miongoni mwa ndugu hawa linaingia taratibu gonjwa jingine ambalo hatulizungumzi ipasavyo, nalo ni saratani. Hoja yetu leo ni hii: jamii iliyowapa watu hawa dawa iliyowafikisha uzeeni inao wajibu wa kuulinda uzee huo. Kumvusha mtu mto wenye mamba, kisha kumwacha azame ukingoni, si wokovu uliokamilika.

Tuanze na historia kidogo, kwa maana wengi hudhani kwamba saratani na VVU vimekutana juzi juzi. Sivyo. Vilikutana tangu siku ya kwanza. Mwaka 1981, madaktari wa Marekani walipoanza kuandika habari za ugonjwa usiojulikana, mojawapo ya dalili zilizowashangaza ni saratani ya ngozi iitwayo Kaposi, yenye mabaka ya rangi ya zambarau, kuwapata vijana wa mijini ambao hawakutazamiwa kuwa nayo. Saratani hiyo ilikuwa imeelezwa tangu mwaka 1872 na daktari Moritz Kaposi wa mjini Vienna, na sehemu zetu za Afrika Mashariki na Kati ilijulikana hata kabla ya UKIMWI. Nchini Tanzania wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Waliowauguza wagonjwa katika miaka ile wanayakumbuka mabaka yale miguuni na kinywani, ijapokuwa wengi hawakujua kwamba ile nayo ilikuwa saratani. Mwaka 1993 Marekani iliiingiza saratani ya mlango wa kizazi katika orodha ya magonjwa yanayoonesha kwamba mwenye VVU amefikia hatua ya UKIMWI. Kaposi na saratani fulani za tezi zilikuwa zimetangulia kuwamo.

Lipo jambo jingine ambalo tunaliona lina maana kubwa. Mwaka 2008 Tuzo ya Nobel ya Tiba iligawanywa mara mbili. Nusu moja walipewa Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, Wafaransa waliogundua virusi vya UKIMWI. Nusu ya pili alipewa Mjerumani Harald zur Hausen, aliyeonesha kwamba saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vinavyoitwa HPV. Tuzo moja, mwaka mmoja, virusi viwili. Walioigawa hivyo walikuwa wakiheshimu kazi mbili tofauti, lakini kwa mama wa Kiafrika virusi hivyo viwili mara nyingi hukutana ndani ya mwili mmoja.

Je, kwa nini hukutana? Kinga ya mwili tunaweza kuifananisha na sungusungu wa kijiji. Kila siku, ndani ya mwili wa kila mmoja wetu, zipo chembe zinazokosea njia wakati wa kujigawa. Sungusungu huzikamata kabla hazijafanya madhara. Vilevile wapo virusi wanaoishi ndani yetu wakiwa wamelala, wengine tangu utotoni, na sungusungu huyo ndiye anayewazuia wasiamke. VVU humdhoofisha mlinzi huyu. Hapo virusi vya HPV hupata nafasi ya kuharibu mlango wa kizazi. Virusi vinavyoleta Kaposi, vilivyogunduliwa mwaka 1994, hupata nafasi yao. Virusi vya Epstein-Barr huweza kuleta saratani ya tezi, na virusi vya homa ya ini aina B huendelea kulitafuna ini kimyakimya.

Kwa sababu hiyo dawa za kufubaza VVU ni kinga dhidi ya saratani pia. Utafiti mkubwa uitwao START, uliofanyika katika nchi 35, zikiwamo nchi za Afrika, ulitoa matokeo yake mwaka 2015. Ulionesha kwamba walioanza dawa mapema, bila kungoja kinga ishuke, walipata saratani kwa uchache kuliko waliongojeshwa. Hivyo basi, yeyote anayesoma ukurasa huu na anatumia dawa hizo, neno letu la kwanza kwake ni hili: usiache dawa. Lolote tutakalosema baadaye lisieleweke kwamba dawa zina walakini.

Hata hivyo, yatupasa kuwakumbuka wale walioanza zamani. Dawa zilipoanza kutolewa bure kwa mpango wa taifa nchini Tanzania mwaka 2004, hazikuwa kwa kila mtu aliyepimwa. Mwongozo wa wakati ule uliwataka wengi wangoje mpaka kinga yao, ile inayopimwa kwa CD4, ishuke chini ya 200, au mpaka waugue sana. Utaratibu wa kumwanzishia dawa kila anayegundulika ulikuja mwaka 2016. Maana yake, wazee wetu wa leo ndio wale waliokaa miaka mingi bila mlinzi kabla dawa haijawafikia. Kinga yao imepanda tena, lakini historia ile haifutiki yote. Mtu ambaye kinga yake iliwahi kushuka mno hubaki na hatari ya saratani kubwa kuliko mwingine. Juu ya hiyo unaongezeka umri wenyewe, maana saratani nyingi ni magonjwa ya uzee hata kwa wasio na VVU. Hatari hizo mbili zimewakuta watu wale wale.

Tunajua kwamba katika kliniki zetu neno linalofurahisha kuliko yote ni kuambiwa kwamba virusi havionekani tena katika kipimo. Furaha hiyo ni halali. Aliyefikia hapo na kudumu hapo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya tendo la ndoa, na anaweza kutarajia kuishi miaka mingi. Lakini kipimo cha wingi wa virusi hupima virusi vya UKIMWI tu. Hakioni kilichomo kwenye mlango wa kizazi, wala kwenye ini, wala kwenye mapafu. Tumesikia mara nyingi mtu akisema, "Mimi kipimo changu ni safi," kana kwamba amepimwa magonjwa yote. Huko ni kuchukua ufunguo wa mlango mmoja na kudhani unafungua nyumba nzima.

Tuzungumze sasa juu ya kina mama, kwa maana hapa ndipo penye maumivu makubwa kuliko kwingine. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwanamke anayeishi na VVU yumo katika hatari ya kuipata mara 6 zaidi ya asiye na VVU. Aidha, ugonjwa huu ambao kwa mwanamke mwenye kinga kamili huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa, kwa mwenye kinga dhaifu asiyetibiwa unaweza kukomaa kwa miaka 5 hadi 10. Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 Shirika hilo lilishauri kwamba wanawake wenye VVU waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 25 badala ya 30, na uchunguzi urudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Jambo la kusikitisha, na pia la kutia moyo, ni kwamba saratani hii inaweza kuzuiwa kabla haijazaliwa. Kipimo kinachotumika sana katika vituo vyetu ni cha siki. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Ikionekana mapema, sehemu hiyo huweza kugandishwa kwa baridi au kuunguzwa kwa joto, na mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ni kazi ya dakika chache inayoweza kuzuia kifo cha miezi mingi ya mateso.

Lakini kipimo hicho kina mpaka wake, na mpaka huo unawagusa hasa wazee tunaowazungumza. Mwanamke akishakoma hedhi, ile sehemu ya mlango wa kizazi inayopaswa kuangaliwa hurudi ndani, na jicho la muuguzi haliwezi tena kuiona vizuri. Kwa hiyo kipimo cha siki, kinachomfaa binti wa miaka 30, hakimfai ipasavyo bibi wa miaka 60. Huyu anahitaji kipimo kinachotafuta virusi vya HPV vyenyewe. Kipimo hicho kina faida nyingine: mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, kwa kijiti chenye pamba, bila kuvuliwa nguo mbele ya mtu mwenye umri wa mwanawe. Vilevile mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali zetu nyingi zinayo kwa ajili ya kupima kifua kikuu, ina uwezo wa kupima HPV endapo vitendanishi vyake vitanunuliwa. Mashine ipo, mama yupo, kinachokosekana mara nyingi ni kitendanishi na uamuzi wa kukinunua.

Hapa ndipo tunapotoa maoni yetu bila kuzungukazunguka. Mama mwenye VVU huenda kliniki kuchukua dawa kila baada ya miezi kadhaa, mwaka hata mwaka, bila kukosa. Hakuna kundi jingine la wanawake nchini linaloingia mlango wa kituo cha afya kwa uaminifu namna hiyo. Ikiwa mama huyo amehudhuria kwa miaka 20, kisha akagundulika na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa, hatuwezi kusema kwamba hakufika. Alifika mara nyingi, ila aliyempokea alikuwa akihesabu vidonge tu. Kipimo cha saratani hakina budi kutolewa mlango ule ule, siku ile ile, na kuandikwa katika kadi ile ile. Kumwambia arudi wiki ijayo, jengo jingine, kwa foleni nyingine na nauli nyingine, ni sawa na kumwambia asije.

Wala wasisahauliwe kina baba. Wao saratani yao hujificha mahali pengine, na wao wenyewe hujificha pamoja nayo. Tumbaku ni hatari kwa kila mtu, lakini kwa mwenye VVU ni hatari zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri huku akiendelea kuvuta sigara ana uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu mara 6 hadi 13 kuliko kufa kwa UKIMWI. Fikiri, ndugu msomaji: mtu amelishinda gonjwa lililotisha dunia nzima, kisha anashindwa na kijiti anachokinunua dukani kimoja kimoja.

Halafu lipo ini. Wengi wanaoishi na VVU wanayo pia homa ya ini aina B bila kujua. Kwa rehema ya Mungu, dawa ya tenofovir iliyomo katika kidonge ambacho wengi humeza hupambana na virusi vyote viwili. Hii ni sababu nyingine ya kutokuacha dawa ghafla, maana homa ya ini iliyokuwa imetulizwa inaweza kulipuka. Mwenye homa hiyo akiongeza gongo kila jioni, anazidisha mzigo ambao ini halina nguvu ya kuubeba. Na akila mahindi au karanga zilizoota ukungu, anajiongezea sumukuvu, ambayo ikiungana na homa ya ini aina B huzidisha sana hatari ya saratani ya ini. Tuliionja sumukuvu hiyo mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ilipoua watu kwa muda mfupi. Kiasi kidogo kidogo hakiui kwa wiki; huua kwa miaka, na hakuna anayekumbuka ghala la mahindi siku ya mazishi.

Sasa tuseme juu ya aibu. VVU vina aibu yake, na saratani ina ya kwake. Anayeishi na VVU akipata saratani hubeba zote mbili. Mama akianza kutoka damu baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo la ndoa, au akipata uchafu wenye harufu isiyo ya kawaida, hunyamaza. Anaogopa kwamba akisema, watu watauliza maswali, na maswali yatafika kwenye siri aliyoilinda miaka 20. Baba akiona uvimbe shingoni au akipungua mwili, hujiambia, "Ni hivi virusi vyangu tu." Majirani nao husema amelogwa. Kila mmoja anayo tafsiri yake, na katika tafsiri hizo zote daktari hayumo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemekana kutibu kila ugonjwa, na wapo walioacha dawa zao kwa matumaini hayo. Hatuwacheki. Mtu aliyebeba siri mbili hupenda dawa isiyouliza swali. Lakini saratani haiheshimu siri, huitumia kukua.

Wasomaji wa Injili wanamkumbuka mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga, na hali yake ilizidi kuwa mbaya. Alikuja kwa nyuma, katikati ya umati, akitumaini kupona bila kuonekana. Tumezoea kuhubiri juu ya imani yake, na ni vema. Lakini tutazame pia kile Bwana alichofanya: alisimama, akamtafuta, akamsikiliza mbele ya wote, akamwita binti. Hakumtibu tu na kumwacha aondoke na aibu yake. Kama kuna jambo ambalo jumuiya zetu zinaweza kulifanya kuliko hospitali, ni hilo.

Tunajua zipo hoja za kutupinga, nasi hatuna budi kuzisikiliza. Wapo wanaosema fedha ni chache, na kwamba ni afadhali zielekezwe kwa vijana. Hofu hiyo ina msingi. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje ili kuipitia upya, kliniki nyingi barani Afrika zilitikisika, na tuliona jinsi jengo letu lilivyosimama juu ya nguzo za jirani. Lakini hoja hiyo inatuelekeza kuziunganisha huduma chini ya paa moja, si kuzipunguza. Mama akigunduliwa mapema hugharimu dakika chache na siki. Akigunduliwa mwishoni hugharimu mionzi kwa wiki kadhaa, safari ya kwenda Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando jijini Mwanza, malazi ya anayemsindikiza, shamba lililouzwa, na wajukuu walioacha shule. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, nasi tumekwisha kujenga kuta za kutosha.

Wapo wengine wanaosema, kwa sauti ya chini, kwamba watu hawa wamekwisha kupata nyongeza. "Angalau ameishi," husemwa msibani. Sisi tunaikataa kauli hiyo. Miaka aliyoishi mama yule baada ya mwaka 2004 haikuwa nyongeza iliyotoka mfukoni mwetu. Ni miaka yake. Katika miaka hiyo aliwalea watoto wake na wa marehemu dada yake, alilipa ada, alilima, aliwazika wenzake na kuwafuta machozi wengine. Kumhesabia uhai wake kama mkopo unaokaribia kuisha ni kusema kwamba uhai wa mwenye VVU una thamani pungufu, na maneno hayo tulikwisha kuyakataa wakati wa unyanyapaa wa kwanza.

Wapo pia wanaosema kwamba tunawatisha watu waliokwisha kupata amani. Tunajibu kwamba hofu isiyo na njia ndiyo inayodhuru. Hofu yenye njia huitwa tahadhari. Kwa hiyo, na tuonyeshe njia.

Kwanza, kwa ndugu zetu wanaoishi na VVU. Siku ya kliniki uliza maswali matatu. Je, nimepimwa saratani ya mlango wa kizazi, na kwa umri wangu ni kipimo gani kinanifaa? Je, nimepimwa homa ya ini aina B? Je, uvimbe huu, kikohozi hiki, kidonda hiki kisichopona, kupungua huku, kumechunguzwa au kumedhaniwa tu? Usikubali jibu la kwamba ni kawaida yenu. Mama asiseme kwamba uzazi umekwisha na hivyo hahitaji kipimo. Saratani haiulizi kama kizazi kinazaa. Mashauri ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba baada ya miaka 50 uchunguzi waweza kukoma pale tu majibu mawili yaliyofuatana yatakapokuwa mazuri. Ambaye hajapimwa hata mara moja hana majibu ya kumruhusu kukoma. Anayevuta sigara aombe msaada wa kuacha. Na tujue kwamba hata saratani ikigunduliwa, mwenye VVU anayetumia dawa vizuri anaweza kufanyiwa upasuaji, kupata mionzi na dawa za saratani kama mgonjwa mwingine, madaktari wake wakishauriana kuhusu dawa zisizopatana.

Pili, kwa jumuiya zetu. Wakina mama wa WAWATA na viongozi wa jumuiya waweza kupanga siku moja ya kwenda pamoja kupimwa. Tunasisitiza neno pamoja. Waalikwe wanawake wote wa umri unaohusika, wenye VVU na wasio navyo, kwa sababu saratani hii huwapata wote. Kundi la watu 40 likienda, hakuna anayeweza kunyooshewa kidole. Kumwalika mtu mmoja mmoja ni kumfichua, bali kuwaalika wote ni kumfunika. Mfuko wa jumuiya unaochanga kwa ajili ya jeneza uweze pia kuchanga kwa ajili ya nauli ya kwenda kwenye matibabu. Tumekuwa hodari mno wa kumsindikiza marehemu. Tujifunze kumsindikiza mgonjwa. Na binti zetu wapelekwe kupata chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Uvumi kwamba chanjo hiyo huwafanya mabinti wasizae hauna ushahidi, nao usipewe nafasi katika mabaraza yetu.

Tatu, kwa wenye mamlaka, wa serikali na wa hospitali zetu za Kanisa. Vipimo viunganishwe na kliniki za dawa. Vitendanishi vya HPV vinunuliwe, na wazee wawe wa kwanza kuvipata, kwa kuwa siki haiwatoshi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 ipimwe kwa jinsi itakavyomhudumia mgonjwa wa saratani asiye na kipato. Na pale ambapo kuponya hakuwezekani tena, maumivu yasiachwe bila tiba. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya tiba shufaa nchini Uganda kwa mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake. Amefariki dunia mwaka 2025, lakini alituachia ushahidi kwamba maskini hana sababu ya kufa akipiga kelele za maumivu.

Wapendwa, kizazi hiki cha wazee ni cha kwanza katika historia kuzeeka na VVU. Hakikuwa na wa kukitangulia. Kinapita msituni bila njia, na nyayo zake ndizo watakazozifuata wanaoanza dawa leo wakiwa na miaka 20. Kwa hiyo lolote tutakalowafanyia hawa, tunawafanyia na wale wa nyuma. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu amfikirie mama mmoja au baba mmoja mwenye umri mkubwa katika jumuiya yake, bila kuuliza ana ugonjwa gani, amwulize tu: "Lini ulipimwa afya yako mara ya mwisho, nami nikusindikize?" Swali hilo halifichui siri ya mtu, na laweza kumwokoa.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda. Amani iwe nanyi.